Oili Haivuji Pale Inapodondokea

Pikapu ninayobebea nyanya kutoka mashamba ya Ilula hadi Iringa mjini ni Toyota Hilux yenye injini ya dizeli aina ya 3L, ile ya silinda 4 na ujazo wa takriban lita 2.8, isiyo na turbo wala kompyuta, ambayo fundi yeyote aliyekulia kando ya barabara kuu ya Zambia anaweza kuifungua bila kuuliza. Kwa muda mrefu injini hiyo ilikuwa ikitoa jasho la oili, kama zinavyofanya nyingi za umri wake, nami sikulijali kwa sababu jasho halishushi kiwango kwenye kijiti cha kupimia. Hali ilibadilika jasho lilipogeuka kuwa matone, na matone yakaacha doa pana kila mahali gari lilipolala, hadi nikalazimika kusafiri na dumu la oili nyuma ya kiti.

Matone yalikuwa yakianguka pale injini inapokutana na gia boksi. Mafundi niliowaonyesha, kila mmoja kwa wakati wake, walitoa jibu lilelile. "Mama, hiyo ni sili ya nyuma ya kranki, haina mjadala. Tushushe gia boksi." Jibu hilo lina mantiki yake, kwa kuwa sili hiyo, yaani pete ya mpira ya kuzuia oili, inakaa nyuma kabisa ya injini, ikizunguka kranki shafti (mhimili mkuu wa injini) inapotokeza kwenda kwenye flaiwili (gurudumu zito linalobeba klachi), na inapochoka oili yake hushuka ndani ya nyumba ya klachi na kudondokea mahali hasa ambapo langu lilikuwa likidondokea. Lakini kushusha gia boksi ya gari la 4WD maana yake ni kufungua propela shafti zote mbili, kushusha gia ndogo, ile inayogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma, pamoja na kubwa, na kulipa ujira wa siku nzima au zaidi kwa ajili ya kipande cha mpira ambacho bei yake haifikii hata ya tenga moja la nyanya. Nilitaka kwanza nione kwa macho kwamba oili inatoka huko.

Sababu ya shaka yangu ilikuwa rahisi. Gari likiwa linatembea, feni na upepo wa barabarani husukuma kila kitu kuelekea nyuma, na uzito wa oili yenyewe huivuta kuelekea chini. Kwa hiyo oili iliyotoka juu ya injini, au ubavuni, au hata mbele kabisa, itatambaa kwenye ukuta wa injini, itafuata ukingo wa sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini), na mwisho wake itakusanyika kwenye kona ya chini kwa nyuma, ambako ndiko kunakoanzia nyumba ya klachi. Kona hiyo hupokea uchafu wa injini nzima. Fundi anayelala chini ya gari na kutazama juu huona mwisho wa safari ya oili, na akiamua kwa kutazama tone peke yake atailaumu sili ya nyuma karibu kila mara, wakati mwingine kwa haki na mara nyingi kwa kuionea.

Kabla ya kutafuta mahali, ni lazima kujua kimiminika chenyewe ni kipi, na hapa pua na vidole vinatosha. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa, kwa sababu ya masizi. Oili ya gia ni nzito na ina harufu kali ya salfa inayong'ang'ania mkononi hata baada ya kunawa. Ile ya usukani wa pawa kwa kawaida ni nyekundu, ingawa ikizeeka hugeuka kahawia. Dizeli inayovuja kwenye pampu yake ni nyepesi, ina harufu isiyofichika, na huosha vumbi badala ya kulikusanya, hivyo sehemu yenye dizeli huonekana safi na yenye unyevu ilhali sehemu yenye oili huvaa koti la matope. Nilipaka tone langu kwenye karatasi nyeupe, likawa jeusi, halikunuka salfa. Gia boksi ikaondoka kwenye orodha ya watuhumiwa.

Kazi iliyofuata ndiyo ambayo mafundi wengi huiruka kwa sababu haionekani kuwa ufundi, nayo ni kuosha. Injini yenye tabaka la oili na vumbi la miaka haiwezi kukuambia lolote, maana kila sehemu imelowa. Nilisubiri ipoe kabisa, nikafunika altaneta (jenereta inayochaji betri) na mdomo wa kuvutia hewa kwa mifuko ya nailoni, kisha nikaisugua kwa brashi na mafuta ya taa, nikamalizia kwa maji ya sabuni ya unga na kitambaa. Watu wengine hutumia petroli, na siwashauri, kwa sababu mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu ya waya wa betri. Palipokuwa pabaya zaidi, yaani nyuma ya silinda hedi (kichwa cha injini) karibu na ukuta wa kabini, ilinibidi nitumie mswaki wa zamani, kwani mkono haupiti. Nilipomaliza na chuma kukauka, nikanyunyizia poda ya watoto kwenye maungio yote: kuzunguka kifuniko cha juu cha injini ambacho gereji zetu hukiita tapeti kava, chini ya altaneta, kwenye kava la taiming, kando ya filta na kwenye ukingo wote wa sampu. Poda nyeupe ikiguswa na oili hugeuka rangi papo hapo, na kwa kuwa inashika vizuri kwenye chuma kikavu, mstari wa oili huonekana wazi pamoja na njia uliyopitia.

Injini iliyosimama ikinguruma polepole uwanjani inaweza isitoe hata tone, na fundi akakurudishia gari akisema limepona. Oili hutaka joto ili iwe nyepesi, na hutaka injini ifanye kazi ngumu ili msukumo wa ndani upande. Sisi wa Ilula tuna kipimo kizuri cha jambo hilo karibu na nyumbani. Niliteremka mlima Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni kufuata vitunguu, nikapakia, na nikaupanda mlima nikiwa na mzigo, gia ya chini kona baada ya kona, hadi juu. Nilipofika juu niliegesha pembeni pasipo na mteremko, nikafungua boneti na tochi mkononi.

Sehemu ya mbele ilikuwa nyeupe kama nilivyoiacha, na hilo lilinifurahisha kuliko yote. Kwenye injini hii taiming belti huzungusha kamshafti (mhimili unaofungua valvu) pamoja na pampu ya dizeli, na nyuma ya kava lake kuna sili ya kamshafti na sili ya mbele ya kranki. Oili ikipenya humo hulainisha mpira wa belti na kuuozesha, na belti ya 3L ikikatika njiani valvu hukutana na pistoni, hivyo gharama yake haiwezi kulinganishwa na ya uvujaji mwingine wowote. Kama ningeona poda imelowa chini ya kava hilo, ningelipaki gari siku hiyohiyo.

Nyuma ya silinda hedi hali ilikuwa tofauti. Tapeti kava hukaa juu ya gasketi ya mpira inayozunguka ukingo wote, na upande wa nyuma ukingo huo hupita juu ya kizibo cha mpira chenye umbo la nusu mwezi kilichopachikwa kwenye hedi. Pale kwenye kizibo, mahali ambapo jicho halifiki mpaka utumie kioo kidogo, palianzia mstari mweusi ulioshuka nyuma ya injini, ukapita juu ya maungio ya gia boksi, na kuishia kwenye kona ileile ya matone. Ubavuni, chini ya altaneta, kulikuwa na mstari wa pili.

Huo wa pili unastahili maelezo, kwa sababu wenye Hilux za petroli hawaufahamu. Injini ya dizeli haina mvutano wa hewa wa kutosha kwenye manifoldi wa kusaidia breki, kwa hiyo Toyota waliweka pampu ya vakyumu nyuma ya altaneta, ikizungushwa na shafti ileile. Pampu hiyo hulainishwa kwa oili ya injini: kuna njia nyembamba inayoipelekea oili na mpira mnene unaoirudisha chini kwenye sampu. Mpira wa kurudishia hukaa kwenye joto kwa miaka mingi, na wangu ulikuwa umekauka kiasi kwamba nilipoukunja kidogo ulionyesha nyufa zinazopishana. Anayedharau tone la mahali hapa akumbuke kwamba pampu ikikosa oili hufa, ikifa kanyagio la breki huwa gumu kama jiwe, na Kitonga haimsubiri mtu ajifunze kukanyaga breki ngumu. Vilevile sili iliyo kati ya pampu na altaneta ikichoka, oili huingia kwenye brashi za altaneta na betri ikaacha kuchajiwa, tatizo ambalo nimeona watu wakinunua betri mpya kulitibu.

Nilirudi kwa fundi niliyemwamini zaidi kati ya wale wa mwanzo, nikamwonyesha poda. Aliitazama kwa muda, akaomba kioo, akatazama tena. "Basi mama, tufungue juu kwanza." Nilimwomba pia afungue kile kibati cha vumbi kilicho chini ya nyumba ya klachi, apitishe kidole ndani. Kama sili ya nyuma ndiyo inayomwaga, ndani kungekuwa na oili iliyochanganyika na unga wa klachi, na pengine klachi yenyewe ingekuwa inateleza mlimani. Kidole chake kilitoka na vumbi kavu na unyevu kidogo sana pembeni. Ukaguzi huo haukuhitaji zaidi ya boluti chache, na sielewi kwa nini si jambo la kwanza kufanywa kabla ya mtu kutamka maneno "tushushe gia boksi".

Kabla hajagusa gasketi nilimuuliza swali lililonisumbua tangu nilipoona mistari miwili: kwa nini sehemu mbili ziachie kwa wakati mmoja? Uzee ulikuwa jibu la nusu. Mpira wa kawaida wa gasketi na sili huvumilia joto la takriban nyuzi 100 hadi 120, na ukikaa humo miaka mingi hugeuka mgumu mithili ya plastiki. Lakini mpira mgumu peke yake huvuja polepole. Kinachougeuza uvujaji huo kuwa matone ni msukumo kutoka ndani.

Katika kila injini, sehemu ndogo ya gesi ya mwako hupenya pembeni mwa ringi za pistoni (pete zinazoziba kati ya pistoni na silinda) na kushuka kwenye sampu. Gesi hiyo lazima itafutiwe njia ya kutokea, na kwenye injini yangu njia yenyewe ni mpira wa pumzi unaotoka kwenye tapeti kava kwenda kwenye bomba la kuvutia hewa, ili gesi ichomwe upya. Mpira ukiziba, gesi haikomi kuzalishwa. Hutafuta ufa mwingine, na inapotoka husukuma oili mbele yake. Tulipouchomoa mpira wetu tulikuta umejaa ugoro mweusi mzito hadi kipenyo chake kimebaki cha kalamu, na kibati cha kuchuja oili kilicho upande wa ndani wa tapeti kava kilikuwa katika hali hiyohiyo. Mtu angebadilisha gasketi na sili zote za injini hii akaacha mpira huo ulivyo, angerudi gereji mapema akilalamikia vipuri feki.

Hapo palibaki hofu moja, kwamba huenda gesi ni nyingi kwa sababu ringi zenyewe zimekwisha. Kipimo cha haraka ni kuiacha injini ikinguruma polepole ikiwa na joto, kufungua kifuniko cha kujazia oili na kukilaza juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikitikisika kidogo, injini bado inapumua kama kawaida. Kikirushwa, au moshi ukatoka kwa mfululizo kama wa jiko la kuni, tatizo ni la pistoni na silinda, na hakuna gasketi itakayolitibu. Baada ya kusafisha njia ya pumzi, kifuniko chetu kilicheza kidogo tu na kubaki mahali pake. Tuliangalia pia kiwango cha oili, kwa kuwa wapo wanaojaza kupita alama ya juu wakidhani wanaipa injini akiba, kumbe kranki huipiga oili hiyo na kuifanya itoe povu, na uvujaji ukazidi.

Matengenezo yenyewe hayakuwa magumu. Tapeti kava ilifunguliwa, gasketi ya zamani ikatoka vipande vipande, na kizibo cha nusu mwezi kikatoka kigumu kabisa, ukikigonga mezani kinalia. Mahali pa kukaa gasketi palisafishwa kwa kipande cha plastiki ngumu badala ya bisibisi, ili pasikwaruzwe, kisha pakafutwa kwa kitambaa chenye thina hadi kitambaa kikatoka safi. Silikoni tuliiweka mahali pawili tu: kuzunguka kizibo cha nusu mwezi na kwenye zile kona ambapo gasketi inapanda na kushuka juu yake.

Juu ya silikoni nina msimamo mkali. Katika gereji nyingi tyubu ya silikoni ndiyo dawa ya kila uvujaji, na hupakwa nene kuzunguka sampu na tapeti kava kiasi kwamba ikikazwa hufinywa kwa nje na kwa ndani pia. Ile ya nje inaonekana vibaya tu. Ile ya ndani hukatika, hushuka kwenye sampu, na huvutwa hadi kwenye chujio la pampu ya oili, na injini iliyokuwa ikipoteza oili kwa matone ikaja kukosa oili kabisa kwenye beringi. Nimeona sampu ikifunguliwa na minyoo ya silikoni ikiwa imejikunja kwenye chujio. Fundi wangu hakupenda nilipomzuia asipake ukingo mzima, akasema gasketi kavu haishiki. Gasketi ya mpira imetengenezwa ishike ikiwa kavu, na ikipakwa silikoni huteleza na kutoka mahali pake wakati wa kukaza.

Kukaza nako kuna adabu yake. Tulianza boluti za katikati tukaenda pembeni, kwa awamu mbili, kwa spana ndogo na nguvu ya kifundo cha mkono, kwani boluti za kifuniko kama hiki kwa kawaida hazitaki hata nyutoni-mita 10. Tabia ya kuongeza robo mzunguko "ili isivuje" ndiyo inayoupinda ukingo wa kifuniko na kuusukuma mpira nje, na kifuniko kikishapinda hakuna gasketi mpya itakayokaa.

Mpira wa pampu ya vakyumu ulituchelewesha kuliko vyote. Dukani nilipewa kipande cha mpira wa maji ya rejeta chenye kipenyo sawasawa, na muuzaji aliapa kwamba kinafaa. Mpira wa maji haukutengenezwa kwa oili. Ukikutana nayo ikiwa ya moto huvimba, hulainika na hatimaye huteleza kutoka kwenye klipu. Nilisubiri hadi nikapata mpira uliotengenezwa kwa ajili ya oili, pamoja na klipu mpya, maana klipu ya zamani huwa imeshazoea umbo la mpira uliokufa. Boluti ya kumwagia oili nayo ilipata washa mpya, na filta ilipobadilishwa tulihakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeng'ang'ania kwenye injini, kwani mipira miwili ikikaliana oili humwagika kwa kishindo ndani ya dakika chache.

Baada ya hapo niliosha tena, nikapaka poda tena, nikapanda Kitonga tena na mzigo. Usiku nililaza gari juu ya boksi la karatasi lililofunguliwa, nikachora kwa kalamu mahali matairi ya mbele yalipokaa, ili nikiona alama nijue iko chini ya sehemu gani ya injini na niweze kulinganisha na usiku mwingine. Boksi lilikuwa na alama ndogo moja chini ya nyumba ya klachi. Kwenye kijiti cha kupimia, kiwango hakijashuka kwa namna ya kunifanya nifungue dumu kati ya kubadilisha oili moja na nyingine.

Alama hiyo ndogo ni ya sili ya nyuma, na fundi wangu hakuacha kunikumbusha. Ni kweli, imeanza kuchoka. Wapo walionishauri nimwage kichupa cha dawa ya kuzuia uvujaji, ile inayovimbisha mipira iliyokauka, na wengine wakasema nitumie oili nzito zaidi. Dawa hizo zinaweza kupunguza jasho kwa muda, lakini huvimbisha kila mpira wa injini, ule mzima na ule mgonjwa. Oili nzito nayo huchelewa kupanda juu asubuhi za baridi ya Iringa, wakati ambapo kamshafti inaihitaji zaidi. Nimebaki na oili ya kawaida ya dizeli yenye unene wa 15W-40. Tumekubaliana na fundi kwamba siku sahani ya klachi itakapokwisha, ambapo gia boksi itashushwa tu hata tusipotaka, ndipo sili ya nyuma itakapobadilishwa. Nimekwisha kuinunua na kuiweka ndani ya nyumba, mbali na jua, na nimemwomba siku hiyo apitishe ukucha kwenye kranki pale sili inapogusa. Akikuta sili ya zamani imechimba mfereji, mpya aisogeze ndani au nje milimita moja au mbili ili mdomo wake ukae kwenye chuma ambacho hakijaliwa.